Gari la michezo ulilounga mwenyewe lipewe namba ipi?

Mwana wa Isyesye:
Wakuu, poleni na baridi. Kuna kitu kimetugawa kijiweni Mwanjelwa, hapa Mbeya, tangu wiki iliyopita, nakileta hapa mtusaidie. Jamaa yangu anaunga gari la michezo. Viti viwili, halina paa, pua ndefu kama mamba. Bodi ya faibaglasi na chasisi ya mabomba vimetoka Uingereza vikiwa vipande ndani ya makreti. Injini, giaboksi, difu na stelingi kavitoa kwenye Altezza yake iliyobingirika Mlima Nyoka. Wazungu wanaita gari la kiti (kit car): unanunua mzigo wa vipande, unaunga mwenyewe uani kwako.

Bado rangi na taa, kisha usajili. Nusu ya kijiwe wanasema abaki na namba ya Altezza, ambayo ni C (ile herufi ya kwanza baada ya tarakimu, A ndiyo ya zamani zaidi). Nusu wanasema hilo ni gari jipya, aombe namba E. Mimi nasema magari haya yawe na herufi yake kabisa, mtu akiliona barabarani ajue limeungwa nyumbani. Karibuni.

Kaka Mbalaga:
Gari la kiti? Kiti kimoja au na meza yake?

Difu la Nyuma:
Injini ya Altezza, namba ya Altezza. Noah ngapi hapo Kabwe zimebadilishwa injini mara tatu na namba ni ile ile? Unaripoti TRA, kadi inarekebishwa, maisha yanaendelea. Tufunge mada.

Mwana wa Isyesye:
Noah ikibadilishwa injini inabaki Noah, mkuu. Hapa Altezza imebaki jina. Ule mwili wake wenye namba ya chasisi uko nyuma ya banda la kuku, kuku wanatagia humo.

Nilipita Coventry:
Nimeishi Uingereza miaka sita, niwape wanavyofanya kule maana vitu vyenyewe vimetoka kule. Gari la kuungwa halipewi namba kwa hisia. Kwanza linakaguliwa moja moja: breki, taa, mikanda, mpaka ncha kali za bodi zinazoweza kumchana mtu. Halafu DVLA, ofisi yao ya Swansea, wanauliza kila kipande kimetoka wapi. Vikiwa vipya vyote kutoka kwa mtengenezaji, au kimoja tu kati yake kimekarabatiwa, unapata namba ya mwaka huo. Ukiweka chasisi mpya na vipande vikuu viwili vya gari moja la zamani, kama huyu na Altezza yake, unapata namba ya umri wa lile la zamani. Ukishindwa kuthibitisha asili ya vitu vyako ndiyo unapigwa namba inayoanza na Q, ilianza 1983. Kwa hiyo mleta mada ujue Q si cheo, ni doa. Gari la Q huruhusiwi hata kulibandika namba ya jina lako. Kulikuwa na mfumo wa pointi za kubaki na namba ya zamani, nadhani zilitakiwa 10.

Difu la Nyuma:
Uliishi au ulipita? Jina linasema ulipita.

Mama Isyonje:
Pointi zilikuwa 8, mdogo wangu, si 10. Na hizo zilikuwa za gari lililobadilishwa sana, si la kiti, ila tumpime huyu jamaa kwa kujifurahisha. Chasisi pointi 5, springi na shokapu 2, ekseli 2, giaboksi 2, stelingi 2, injini 1. Mmeona injini? Moja! Wanaume mnagombania kitu cha pointi moja. Yeye ana injini, giaboksi, stelingi, na difu tuhesabu ni ekseli: jumla 7. Chasisi iko kwa kuku. Kwa kipimo hicho, kule angepigwa Q.

Namba D Tu:
Mjadala mzuri ila tuwaachie wanaojua magari. Naona wenye namba A nao wanajiandaa kuchangia. Nyie wazee wetu subirini kwanza, asubuhi ya Julai gari zenu zinasukumwa na familia nzima mpaka Soweto ndiyo ziwake.

Babu Corolla:
Wewe kijana. Sikuwa nataka kuandika hapa, nilikuwa nasoma tu.

Corolla 110 yangu ni namba A. Nimeinunua 2004, kwa fedha taslimu, kabla hujajua kufunga kamba za viatu. Imepeleka watoto watatu sekondari na mama yao hospitali usiku wa mvua bila kusukumwa na mtu. Hiyo yako ya D unayojivunia imetengenezwa Japani mwaka gani? Ukiifungua mlango usome kale kakaratasi utakuta 2005 au 2006. Tofauti yetu ni kwamba mimi gari langu lilizeekea hapa nikiliona, lako lilizeekea kwa Mjapani halafu likaja kwako likapewa herufi ya ujana.

Kaka Mbalaga:
Mbombo ngafu, kazi ngumu! Namba D vipi huko, upo?

Namba D Tu:
Mzee shikamoo. Sikukutaja jina. Lakini ukweli ni ukweli, sokoni ukisema namba A mteja anakata simu.

Babu Corolla:
Marahaba. Nani amekwambia inauzwa?

Nilipita Coventry:
Jamani, mzee amesema jambo kubwa katikati ya hasira yake. Kule herufi na tarakimu za namba zinaonyesha umri wa gari, ndiyo maana ni kosa kubandika namba inayolifanya gari lionekane jipya kuliko lilivyo. Hapa kwetu herufi inaonyesha lini lilisajiliwa Tanzania, basi. Altezza yote ilitengenezwa kati ya 1998 na 2005, iwe B, C au D. Sasa huyu jamaa akipewa C au E anamdanganya nani kuhusu umri? Hakuna. Swali la kweli ni ukaguzi. Nani alikagua yale mabomba?

Namba D Tu:
Hakuna aliyekuuliza habari za Uingereza. Mimi najibu la mzee. Gari yangu sijakopa.

Babu Corolla:
Sikusema umekopa. Umejisema mwenyewe.

Fundi Chuma Sae:
Naona hapo juu kuna mtu anauliza nani alikagua mabomba, kana kwamba sisi mafundi tunachomelea kwa kubahatisha. Mabodi ya fuso mnayopanda kwenda Chunya nani anayaunga? Matrela ya viazi yanayoshuka kutoka Umalila kila siku? Tela likibeba gunia mia kwenye utelezi wa Machi hamuulizi, ila kigari cha kilo mia sita cha kuringia ndiyo mnataka ukaguzi wa Swansea.

Nilipita Coventry:
Mkuu sikukutukana. Nimesema nani alikagua, sijasema nani alichomelea.

Fundi Chuma Sae:
Ni kitu kilekile.

Mama Isyonje:
Si kitu kilekile, kaka fundi. Anayepika na anayeonja ni watu wawili, hasa wageni wakiwa wengi.

Mnyalukolo wa Kihesa:
Kamweneee. Nawasoma kutoka Iringa nacheka. Kwanza gari lisilo na paa Mbeya la nini? Mvua inaanza Novemba mpaka Aprili hivi, Juni baridi inawafunga midomo. Huyo jamaa ataliendesha Septemba na Oktoba tu. Apewe namba ya miezi miwili.

Kaka Mbalaga:
Nyie Iringa mna mlima Kitonga, likipanda pale nyuma ya lori la mafuta dereva asiye na paa atafika Ilula mweusi kama sufuria ya kuni.

Mnyalukolo wa Kihesa:
Kitonga tunaipanda tangu tukiwa tumboni. Shida yenu ni matuta. Mafiati peke yake lile pua la mamba litabaki juu ya tuta kama mizani.

Mwana wa Isyesye:
Wakuu turudi kwenye namba. Jamaa ana miadi wiki ijayo.

Kodi Kwanza:
Mimi ninachokiona hapa ni ujanja wa kodi na mnauzungukazunguka. Gari dogo lililotumika likizidi miaka 10 linapigwa ushuru wa uchakavu, asilimia 30. Huyu kaleta bodi na chasisi kama vipuri, akaweka injini ya gari lililokwishalipiwa. Sasa anataka E ya gari jipya. Akitaka herufi ya gari jipya alipe kama gari jipya.

Difu la Nyuma:
Kodi Kwanza ni jina lako la kuzaliwa?

Nilipita Coventry:
Hapo Kodi Kwanza ana hoja, na si ya leo. Lotus Seven, baba wa magari haya, ilianza 1957 na watu waliinunua kama vipande hasa kwa ajili hiyohiyo: gari zima lilikuwa na kodi ya manunuzi, vipande havikuwa nayo. Ilipokuja VAT 1973 ule mwanya ukaziba, na mwaka huohuo kampuni ya Caterham ikachukua haki za kuitengeneza. Mpaka leo watu wanaiunga gereji kwao, kodi au bila kodi, kwa sababu wanaipenda. Na huyu jamaa hata mkimtoza bado ataiunga.

Kodi Kwanza:
Kwa hiyo unakubali ni ukwepaji kodi.

Nilipita Coventry:
Nimekubali ni historia.

Namba D Tu:
Mimi bado nangoja mzee aombe radhi kuhusu mkopo.

Babu Corolla:
Kijana, mimi ni mstaafu, asubuhi yangu ni ndefu. Nitakungoja.

Dada wa Mafinga:
Jamani mbona hamjaongelea namba za jina? Mtu mwenye hela ya kuagiza bodi Uingereza si anunue namba yenye jina lake amalize ubishi. Hiyo haina A wala E. Kuna mmoja nilimwona Makambako gari limeandikwa jina la mke wake.

Kaka Mbalaga:
Wa kwanza au wa pili?

Difu la Nyuma:
Namba ya jina bajeti ya 2016 iliipandisha kutoka milioni 5 hadi milioni 10 kwa miaka mitatu. Kwa milioni 10 jamaa anapata Altezza nyingine ikiwa na milango yote minne na paa.

Mama Isyonje:
Na namba ya jina haifuti usajili, dada yangu. Lazima gari liwe na kadi na chasisi inayotambulika ndipo ubandike jina. Tunarudi palepale kwenye banda la kuku.

Fundi Chuma Sae:
Namba ya chasisi inagongwa tu. Nyundo na herufi za chuma, dakika ishirini.

Kodi Kwanza:
HAPO SASA. Mmemsikia? Huyu ndiye mlikuwa mnamtetea. Kugonga namba ya chasisi kwenye bomba lisilo lake ni kosa la jinai, ndivyo magari ya wizi yanavyooshwa.

Fundi Chuma Sae:
Nimesema INAWEZEKANA kugongwa, sijasema mimi nagonga. Soma vizuri. Na hiyo chasisi ya Uingereza kama imetoka kwa mtengenezaji wa maana imekuja na namba yake mwenyewe, kwenye kibati au imegongwa juu ya bomba. Mleta mada, mwambie jamaa aangalie bomba la mbele upande wa kulia kabla hajapiga rangi. Na asiondoe karatasi yoyote kwenye yale makreti, risiti, hata ya kisanduku cha nati. Mimi nimeunga trela mbili zimesajiliwa, najua kinachoulizwa: hiki umekitoa wapi.

Mwana wa Isyesye:
Asante fundi. Nimempigia, anasema karatasi zilikuwepo. Makreti mama mkwe aliyapasua kuni.

Mnyalukolo wa Kihesa:
Kamwene tena.

Nilipita Coventry:
Hilo ndilo kule linaitwa Q.

Mama Isyonje:
Mwambie aandikie wale wauzaji wamtumie nakala, wanatunza kumbukumbu kwa namba ya chasisi. Na ile kadi ya Altezza asiitumie kwenye bomba la mtu mwingine. Kwanza anatakiwa aripoti kwamba ile Altezza haipo tena barabarani, maana sasa hivi kwenye makaratasi ana gari mbili zenye injini moja.

Difu la Nyuma:
Mimi bado nasema namba ya Altezza.

Namba D Tu:
Kwa sababu ni C. Ingekuwa A usingesema.

Babu Corolla:
Nilijua utarudi.

Namba D Tu:
Mzee hebu tuache. Niulize kitu kimoja kwa heshima. Hiyo 110 injini ni ya kwake, haijawahi kufunguliwa?

Babu Corolla:
Gasketi tu, 2015. Kwa nini?

Namba D Tu:
Nauliza tu.

Kaka Mbalaga:
Anauliza tu. Mteja aliyekata simu amepiga tena.

Babu Corolla:
Iko Soweto, nyuma ya kanisa, kila mtu anaifahamu. Ukija uje saa kumi na mbili asubuhi, kukiwa na baridi, nikuwashie mbele ya macho yako. Na usije na fundi wa kuisukuma.

Mwana wa Isyesye:
Wakuu, bomba la mbele upande wa kulia lina kibati lakini amekwisha kukipiga rangi nyekundu. Inatolewaje bila kufuta tarakimu?

Fundi Chuma Sae:
Pamba na tina, taratibu. Asitumie msasa. Nakuja hapo saa nane.