Kufunga viwanda vya miwa kila mara miwa ikiisha: ni dawa, au viongozi hawauoni mfumo?

Mwanzishaji (Kakamega)

Wenzangu wa magharibi mwa Kenya, swali langu ni hili. Julai 2023 viwanda vya sukari viliamriwa kusimamisha usagaji kwa muda wa miezi minne hivi, kwa kuwa miwa iliyokuwa ikifika mizanini ilikuwa changa. Mwaka huo sukari ya nchi ilishuka chini ya tani 500,000. Mwaka 2024 ikapanda kupita tani 800,000, na wengi wakasema dawa imefanya kazi. Julai 2025 Bodi ya Sukari, chombo cha serikali kinachosimamia sekta hii, ikatangaza tena kusimamisha usagaji huku kwetu, kwa sababu ileile.

Msimamo wangu: agizo la kufunga linashika tukio na kuliacha jambo linalolizaa. Waziri anaona upungufu wa sukari, meneja anaona mashine zimekosa miwa, mkulima anaona deni, mwenye trekta anaona safari. Kila mmoja anaamua vizuri kwa pale alipo, na jumla ya maamuzi yao ndiyo inayokula shamba. Kiongozi asiyejifunza kuona jinsi vipande hivi vinavyosukumana ataendelea kufunga na kufungua hadi astaafu. Anayepinga aje na hoja, na anayeunga mkono aje na hesabu.

Mtaalamu wa mimea (Kibos)

Naanza na hesabu, kwa sababu hapa ndipo watu hudanganyika bila kukusudia.

Chukua kiwanda cha kusaga tani 3,000 kwa siku, siku 300 kwa mwaka. Kinahitaji tani 900,000. Tuseme hekta moja inatoa tani 60 ikivunwa ikiwa na miezi 18. Hiyo ni tani 40 kwa mwaka, kwa hiyo kiwanda kinahitaji hekta 22,500 zenye miwa ya umri tofauti, na kila mwezi sehemu moja ya kumi na nane inakuwa tayari.

Sasa miwa ikatwe ikiwa na miezi 10. Tuseme inatoa tani 30 kwa hekta. Ukigeuza kwa mwaka unapata tani 36. Umeona? Kutoka 40 hadi 36, upungufu wa sehemu moja tu ya kumi. Meneja akitazama tani za mizani hashtuki. Lakini muwa mchanga una glukosi na fruktosi nyingi ambazo hazigandi kuwa chembe za sukari; zinaishia kwenye molasi, ule uji mzito unaobaki sukari ikishatolewa. Ukipata kilo 100 za sukari kwa tani ya miwa iliyokomaa, kwa miwa changa tuweke 70. Hekta iliyokuwa ikikupa tani 4 za sukari kwa mwaka sasa inakupa tani 2.5. Zaidi ya theluthi moja imepotea, na mizani haikuonyesha chochote.

Hizi ni namba za mfano, kila eneo na mbegu lina zake, lakini umbo la hesabu ni hilohilo. Ukipima kitu kisicho sahihi, unaendesha gari ukitazama kioo cha pembeni peke yake.

Kinachofuata ni mzunguko. Sukari imepungua, kiwanda hakina pesa, kinachelewa kulipa, na kinatafuta miwa zaidi ili kijikwamue. Miwa zaidi haipo ila ile changa zaidi. Kinakata ya miezi 10, halafu ya miezi 9. Hakuna haja ya mtu mbaya ili mzunguko huu uende.

Mkulima (Navakholo)

Mtaalamu, hesabu yako nimeielewa na haina kasoro, ila umeruka mahali panapouma. Mkulima anajua miwa ya miezi 10 ni hasara. Hakuna anayehitaji kufundishwa hilo.

Miwa ikipelekwa kiwandani chenye mkataba, kwanza wanakata mbolea, kulima, mbegu, kukata na usafiri. Kinachobaki kinasubiri. Unaweza kusubiri miezi. Januari karo inadaiwa. Dalali anakuja shambani na trekta, anakupa pesa mkononi jioni hiyohiyo, hana habari na mbolea uliyokopeshwa na kiwanda kingine. Halafu kiwanda kilichokopesha mbolea kinapoteza mkopo, mwaka unaofuata hakikopeshi mtu, shamba linakosa mbolea, tani zinashuka. Hapo ndipo kisu kilipo. Kuniambia "usiuze miwa changa" na hukunilipa ile iliyokomaa ni kumwambia mwenye njaa asile mbegu.

Kwa hiyo nakubali neno mfumo, lakini tafadhali anzeni kuuchora kutoka siku ya malipo, msianzie shambani kwangu.

Mwanasheria (Bungoma)

Naomba nipinge, na napinga kwa dhati. Neno "mfumo" limekuwa blanketi la kuwafunika watu. Miwa iliyolimwa kwa mkopo wa kiwanda A ikisagwa na kiwanda B bila idhini, hilo ni tendo la mtu mwenye jina, aliyesaini karatasi ya mizani. Mfumo haupelekwi mahakamani. Mtu anapelekwa.

Sheria ya Sukari ya 2024 imerudisha Bodi ya Sukari, imerudisha ushuru wa maendeleo ya sukari wa asilimia 4, na imeigawa nchi katika maeneo ya miwa. Vyombo tunavyo. Tunachokosa ni ujasiri wa kufuta leseni. Ukiadhibu viwanda viwili bila kuangalia mwenyewe ni nani, madalali watatafuta kazi nyingine. Nimesoma taarifa nyingi za washauri zenye mishale na miduara, na mwisho wa karatasi hakuna aliyewajibika.

Mwalimu wa uchumi (Maseno)

Wakili, hatutofautiani kuhusu leseni. Tunatofautiana kuhusu kitakachotokea kesho yake.

Miaka ya 1950 mameneja wa kampuni ya General Electric, Marekani, walimwuliza Jay Forrester, profesa wa chuo kikuu cha MIT, kwa nini viwanda vyao vya vyombo vya nyumbani huko Kentucky vilifanya kazi kwa zamu tatu au nne, kisha baada ya miaka michache nusu ya wafanyakazi wakaachishwa. Wao walilaumu hali ya biashara. Forrester alichukua daftari na penseli, akaandika kanuni zao wenyewe za kuajiri na kuagiza mali, akazifuata wiki baada ya wiki. Akaona kwamba hata oda za wateja zikitulia kabisa, ajira ingeyumba tu, kwa sababu ya muda unaopita kati ya kuamua na kuona matokeo. Mameneja hawakuwa wezi wala wajinga. Kuyumba kulitoka ndani.

Sasa tazama muda wetu. Kupanda hadi kuvuna ni miezi 18 hivi. Ratuni, yaani miwa inayochipuka visikini baada ya kukatwa, hukomaa mapema kidogo, tuseme miezi 15. Bei ikipanda leo, kila mtu anapanda leo. Mwaka na nusu baadaye miwa inajaa, bei inaanguka, malipo yanachelewa, watu wanang'oa visiki na kupanda mahindi. Mwaka na nusu mwingine, upungufu. Adhabu ikitolewa wakati wa upungufu, inafika madalali wakiwa wameshakula. Ikitolewa wakati wa wingi, hakuna anayeona haja yake.

Na kufunga kiwanda kunaongeza jambo ambalo sijasikia likisemwa hadharani. Miezi minne ya kufunga inaipa miwa yote miezi minne kwa pamoja. Ya miezi 10 inakuwa ya 14, hilo ni jema. Lakini siku ya kufungua, mashamba mengi yanakuwa tayari pamoja, viwanda vyote vinaingia mbio moja, na yaliyokatwa pamoja yanachipuka pamoja. Ule mpangilio wa sehemu moja ya kumi na nane kila mwezi umevurugwa. Unapata wimbi: tele, kisha ukame wa miwa. Kwa maoni yangu sukari nyingi ya 2024 kwa sehemu kubwa ilikuwa akiba ya shambani ikitolewa kwa kasi. Tuliipigia makofi kama mapato.

Mwenye matrekta (Muhoroni)

Niongeze la barabarani, kwa sababu wengi humu mnaongea kama muwa ukikatwa unafika wenyewe.

Muwa uliokatwa unatakiwa usagwe ndani ya saa 24, ukichelewa sana 48. Baada ya hapo sukari yake inaanza kuvunjika, na uzito unakauka. Viwanda vikifunguliwa kwa pamoja, trela zinapanga foleni mizanini siku mbili, tatu. Dereva analala chini ya trela. Trekta iliyotakiwa kwenda safari mbili kwa siku inakwenda moja kwa siku tatu. Kwa hiyo mwenye trekta anapandisha nauli, na nauli inakatwa kwa mkulima. Wakata miwa nao wanalipwa kwa tani, hivyo wanaendelea kukata hata kama hakuna trela ya kubeba, na rundo linakauka pembeni mwa shamba.

Ndiyo maana usafiri huwa unakimbilia mahali foleni ni fupi. Mara nyingi foleni fupi ni kwa yule asiyeuliza maswali. Mkitaka kuziba wizi wa miwa, pangeni foleni kwanza: karatasi ya kukata isitolewe kabla nafasi ya mizani haijatengwa kwa siku hiyo. Mkataji asiingie shambani bila karatasi. Haihitaji polisi.

Mtaalamu wa mimea (Kibos)

Mwenye matrekta amegusa kile ninachokiona kuwa kishikio chenyewe: taarifa ya umri. Leo hakuna mtu mmoja anayejua kuna hekta ngapi za miezi 6, ngapi za 12, ngapi za 16 katika eneo zima. Kila kiwanda kina daftari lake na kinalificha. Waziri anaamua kufunga baada ya miwa kuisha kwa sababu ndipo habari inapomfikia.

Daftari la eneo linaweza kuanza na safu sita tu: namba ya kipande cha shamba, ekari zilizopimwa kwa GPS (si za kukisia, watu huongeza), aina ya mbegu, tarehe ya kupanda au ya kukatwa mara ya mwisho, mzao wa ngapi (wa kwanza tangu kupandwa, au wa ratuni), na nani aliyekopesha. Tarehe ya kukatwa inajazwa na mizani, mkulima hahusiki. Kila mwezi jumla ya ekari kwa umri inabandikwa wazi. Ukiona ekari za miezi 6 hadi 9 zimepungua, una karibu mwaka mzima wa kupunguza kasi ya kusaga kidogo kidogo: siku tano kwa wiki badala ya saba, au kiwanda kimoja kinafanya matengenezo huku vingine vikisaga. Huna haja ya kuzima vyote.

Litaharibikia wapi? Kwanza, shamba moja kuandikwa kwa viwanda viwili. Ramani ya GPS inalikamata. Pili, miwa ya kununuliwa njiani kuingizwa kwa namba ya shamba la mtu. Hapo unalinganisha tani na ekari. Kipande cha ekari 2, ambacho kwa mfano wangu wa juu kingetoa kama tani 50, kikileta tani 90, kuna anayepitisha. Tatu, na hili ndilo gumu, kiwanda chenyewe kupuuza daftari kikiwa na njaa ya miwa.

Mwanasheria (Bungoma)

Hilo la tatu ndilo nililokuwa nikilisema tangu mwanzo. Lakini nakiri daftari linanipa kitu ambacho sina leo: ushahidi. Kesi za miwa changa hufa kwa sababu muwa ukishasagwa hauna umri. Tani 90 kwa ekari 2 ni karatasi ninayoweza kusimama nayo mbele ya hakimu.

Mkulima (Navakholo)

Nami nashukuru, ila siku ya malipo bado mmeizunguka. Na kuna pendekezo la kulipa miwa kwa kiwango cha sukari iliyomo badala ya tani. Kwa nadharia ni haki: miwa yangu iliyokomaa isilipwe sawa na changa. Lakini kipimo cha utamu kiko ndani ya geti, mpimaji ni wa kiwanda, sampuli ni yake. Leo tunabishana na kiwanda kuhusu kilo, ambazo zinaonekana kwenye mizani. Kesho tutabishana kuhusu kitu kisichoonekana kwa macho.

Mwalimu wa uchumi (Maseno)

Mzee, uko sahihi, na ndiyo maana ningefuata mpangilio huu: kwanza malipo ndani ya muda uliotajwa, yakipita yaanze kuzaa riba kwa mkulima, pili daftari, kipimo cha sukari kije mwisho, kikiwa na mpimaji asiyelipwa na kiwanda na nusu ya sampuli ikitunzwa kwa ajili ya rufaa. Ukianza na kipimo kabla ya malipo, mkulima atakiona kama makato mengine, na atarudi kwa dalali.

Mwanzishaji (Kakamega)

Basi limebaki la nani ashike daftari. Kiwanda hakiaminiki kwa wakulima. Kaunti hubadilisha maafisa kila baada ya uchaguzi. Bodi iko mbali, na ndiyo hiyohiyo yenye kalamu ya kufunga.

Mkulima (Navakholo)

Lishikwe na chama cha wakulima cha eneo, mizani ipeleke nakala hapo kila jioni.

Mwenye matrekta (Muhoroni)

Vyama vyetu vingi vimekufa na madeni, mzee. Mimi nasema Bodi ilishike, lakini ukurasa wa umri ubandikwe kila mwezi kwenye kila mizani, mahali dereva yeyote anaweza kuusoma akiwa kwenye foleni.

Mkulima (Navakholo)

Kwa hilo la kubandika nakubali. Kwa kalamu kubaki kwa Bodi, bado sijakubali.