Je, modeli ya chembe inatosha kueleza jeli nzima ya sumaku?

Mwanzisha mada, Chake Chake: Assalamu alaykum. Jeli ya sumaku ni mpira laini, mara nyingi wa silikoni, uliochanganywa na chembe za chuma zenye ukubwa wa mikromita chache. Chembe zilizofuatana kwenye mstari wa uga (eneo lenye nguvu ya sumaku) huvutana, kwa hiyo anayeanza hesabu na chembe hutarajia mpira ufupike. Anayelitazama tufe zima la jeli hiyo kama kitu kimoja hutarajia lirefuke kuelekea uga, kwani umbo refu hupunguza nishati ya usumaku wake. Mimi nasema modeli ya kitu kizima isiaminiwe mpaka namba zake zitokane na chembe. Anayezichukua maabara na kuzipachika katika milinganyo hajaeleza kitu.

Mhandisi, Mwanakwerekwe: Waalaykumu salaam. "Hajaeleza kitu" ni kauli nzito, ndugu yangu. Bibi yangu kule Paje alisokota kamba za usumba maisha yake yote, na kamba aliijaribu kwa kuivuta nzima, si kwa kupima uzi mmoja mmoja. Alikuwa hajui kitu?

Mwalimu, Wete: Bibi aheshimiwe, lakini kamba yake inakupinga. Nyuzi zile zile zikisokotwa vyengine hutoa kamba nyengine. Chembe zilizojipanga safu chini ya uga kabla mpira haujaganda huufanya uwe mgumu zaidi upande wa safu, ingawa chuma ni kiasi kile kile.

Mhandisi: Sikukanusha mpangilio. Nimesema ajuaye kwa kupima naye ni mjuzi.

Mkemia, Mbweni: Neno "laini" mnalitumia bila kulieleza. Mpira ni laini mkononi. Chuma ni laini kisumaku, yaani uga ukiondoka hupoteza karibu usumaku wote. Mkitia aloi ya neodimi, chembe hubaki sumaku, na modeli zote mbili lazima zibebe kumbukumbu hiyo.

Mwalimu: Dada yangu, wanafunzi wangu wanalielewa. Lakini nakubali: mpira tuuite "tepetepe", na "laini" tuiachie sumaku.

Mwanzisha mada: Kauli iliyomuumiza ndugu yangu naiondoa. Nishati kati ya chembe mbili hupungua kwa mchemraba wa umbali; umbali ukiwa mara mbili, hubaki sehemu moja ya nane. Hata hivyo chembe za mbali ni nyingi mno, na jumla yake hutegemea umbo la nje, hivyo anayehesabu majirani wa karibu tu ameusahau mpaka wa tufe. Anayeanzia chini naye anahitaji umbo la kitu kizima. Nilipoandika sikulizingatia hilo.

Mhandisi: Ahsante, yamekwisha. Sasa nieleze: ikiwa kila chembe husogea kwa namna yake, si sawasawa na mpira unavyovutika, utazijumlisha vipi?