Uliyewahi kuishi au kufanya kazi kwenye mabomu ya kutegwa ardhini, tupeane uzoefu

Mkufunzi wa Panya:
Wakuu, naanza mimi. Nilifundisha panya buku Morogoro, pale APOPO, shirika linalofundisha panya kunusa mabomu, ndani ya SUA (Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine), kisha nikaenda Msumbiji, mkoa wa Gaza. Alfajiri, kabla jua halijawa kali, tunampaka panya losheni masikioni na mkiani asiungue. Anavishwa mkanda, kamba wanaishika watu wawili, kila mmoja kwenye njia iliyokwisha kusafishwa. Uzito wake kilo moja hivi, halipui bomu. Misumari na vizibo vya soda havimbabaishi, yeye ananusa baruti. Akiparua udongo, ujue kanusa bomu; unabofya kidude, "tik", anakuja kula ndizi. Eneo la uwanja wa tenisi anamaliza kwa nusu saa. Mtu na kifaa cha kutambua chuma anaweza kutumia hadi siku nne.

Nisiyemsahau ni bibi mmoja. Kila asubuhi alisimama nje ya utepe na jembe begani, anauliza lini atalima. Septemba 2015 Msumbiji ilitangazwa kuwa imemaliza mabomu yake yote yaliyojulikana, nami nikamwaza yeye kwanza. Haya, nanyi?

Mtoto wa Tshopo:
Mimi wa Kisangani, Kongo. Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita mjini kwetu, tukalala chini ya vitanda. Vita ikaisha, makombora yakabaki. Mdogo wangu aliokota moja lenye mapezi kama ya samaki, akalileta hadi sebuleni apate kuliuza chuma chakavu. Mama hakupiga kelele. "Liweke chini polepole, kama unalaza mtoto." Tukatoka wote.

Mama Wawili:
Kwetu haikuwa vita, ila baada ya ghala la mabomu kulipuka Mbagala, Dar es Salaam, 29 Aprili 2009, wanangu walirudi na vyuma mfukoni. Mikono ilinitetemeka. Haya mambo yafundishwe shuleni jamani.

Mkufunzi wa Panya:
Pole sana dada. Watoto waambiwe: usiguse, usirushie jiwe, rudi kwa nyayo zako ulizojia, kamwite mkubwa. Tshopo, lile kombora aliliondoa nani?

Mtoto wa Tshopo:
Wategua mabomu, siku ya tatu. Siku zote hizo tulilala kwa jirani, nyumba tumeiacha wazi, na hakuna mwizi aliyethubutu kuingia.