Nimejipaka rangi nyumbani, mizizi imekuwa kijani, nywele zinakatika. Harusi imebaki siku 11

Dada wa Katuba

Habari za jioni. Naomba mnisaidie, na mniambie ukweli hata kama unauma.

Mdogo wangu anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo. Sisi ni madada wanne, mama ametununulia kikwembe kimoja cha kahawia na dhahabu, tukapatana wote wanne tuwe na nywele za rangi ya asali. Wenzangu wanaweka meshi, nywele za kuongeza. Mimi peke yangu ndiye niliyetaka kutumia nywele zangu mwenyewe, maana zilikuwa zimefika mabegani. Nilipozaa mtoto wa kwanza zilipukutika karibu zote, na nimezitunza miaka minne kuzirudisha.

Jumapili nilinunua soko la Mzee Kabila, hapa Lubumbashi, unga wa kutoa rangi, ule wa buluu, na chupa ya oksidanti. Nilimwuliza muuzaji nichukue ipi, akasema ya 40 ndiyo inafanya haraka. Maandishi ya mfuko yalikuwa ya lugha nisiyoijua. Saa mbili usiku, watoto wakiwa wamekula, nikapaka. Nilianzia kwenye mizizi kwa sababu ndiko kulikokuwa kweusi zaidi, nikavuta mpaka nchani, nikafunika kichwa na plastiki.

Nilipanga dakika 30. Ilipofika ya 20 umeme ukakatika. Maji yetu tunachota kwenye forage ya jirani, kisima cha pampu, na pampu yake bila umeme haitoi hata tone. Ndani kulikuwa na bidoni moja, imebaki chini ya nusu. Nilizunguka nyumba tatu gizani nikiomba maji, plastiki kichwani, na kichwa kinawaka kama nimepakwa pilipili. Mpaka nimemaliza kusuuza ilikuwa imepita saa nzima na robo.

Asubuhi nilitoka nje na kioo. Karibu na ngozi, upana wa vidole viwili, nywele zilikuwa njano ya kiini cha yai. Katikati zilikuwa rangi ya shaba, nchani wekundu wa giza. Kisogoni, mahali ambapo mkono haukufika vizuri, yalibaki madoa mawili meusi. Sikungoja. Siku ileile nikanunua rangi ya sanduku iliyoandikwa blondi ya majivu, nikidhani majivu yatazima ile njano. Mizizi sasa ni kijani, kama jiwe la malakiti lililopauka.

Kuna jambo ambalo nimechelewa kulisema: nilikuwa nimedefriza, yaani nimenyoosha nywele kwa dawa, wiki tatu kabla. Sasa nikilowesha nywele, unywele unavutika kama shikleti, haurudi, halafu unakatika. Na juu ya sikio la kushoto nina vidonda viwili vinatoa maji.

Je, nikipaka nyeusi juu ya yote, itafunika? Yaya wangu, mkubwa wangu wa kuzaliwa, anasema nidefrize tena ili zitulie. Jirani anasema kijani kimeletwa na maji ya forage, kwamba ardhi yetu ina shaba. Nafundisha darasa la tatu. Siku mbili hizi nimeingia na fulari, na leo mkurugenzi ameniuliza kama naumwa. Bibi harusi bado hajaniona. Sitaki anione kabla sijajua nitamwambia nini.

Msusi wa Kamalondo

Binti yangu, pole sana. Nimefanya kazi hii miaka 17, na wanawake wengi wamekaa kwenye kiti changu wakiwa na kichwa kama chako. Nakujibu kwa urefu, soma mpaka mwisho kabla ya kugusa kitu.

Tuanze na vidonda. Mpaka vikauke na ngozi ifunge, dawa yoyote ya nywele isifike hapo. Osha na maji safi ya vuguvugu, acha wazi ukiwa nyumbani, usipake mafuta mazito. Ukiona usaha, uvimbe au homa, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, usingoje harusi.

Sasa nikuambie kilichotokea. Oksidanti ya 40 ina peroksidi asilimia 12. Ya 20 ina asilimia 6. Mimi, kwa unga unaogusa ngozi, sivuki 20, hata mteja akinisihi. Ile namba ni nguvu, na nguvu ikiwa kubwa inachoma kabla hujaona rangi. Halafu mizizi inakaa kwenye joto la kichwa, kwa hiyo inashika upesi kuliko nchani. Ndiyo maana sisi tunaanza katikati na nchani, mizizi tunaipaka mwisho. Wewe ulianza na mizizi, ukaongeza joto la plastiki, kisha dakika zikapita kwa bahati mbaya ambayo haikuwa yako.

Nywele zetu nyeusi zikitolewa rangi hupita kwenye wekundu, halafu chungwa, halafu njano. Kila sehemu ya kichwa chako imesimama mahali pake katika njia hiyo. Asali uliyoitaka ni mahali pamoja tu kwenye njia, na kufika hapo kichwa kizima kwa pamoja ni kazi ya mikono miwili na macho ya mtu mwingine nyuma yako.

Kijani: rangi ya majivu ndani yake ina buluu. Buluu juu ya njano inazaa kijani, kama watoto wako wa darasa la tatu wanavyochanganya rangi za maji. Jirani yako hakusema uongo. Shaba iliyo ndani ya maji kweli hugeuza nywele zilizotolewa rangi kuwa kijani, lakini huja polepole, kuosha baada ya kuosha. Chako kimekuja siku moja, palepale ulipopaka. Ni ile sanduku.

Yaya wako naomba asikasirike: usidefrize. Defriza inavunja vile vifungo vya ndani vinavyoshika unywele, na ule unga umevunja vingine juu yake. Unywele unaovutika bila kurudi umekwisha nguvu ndani. Ukiuwekea defriza sasa, unaweza kubaki nao mkononi ukiwa bado unasuuza. Wala usisuke rasta juu yake, zitaondoka na uzito.

Nyeusi pia hapana. Rangi nyeusi ya kudumu inachanganywa na oksidanti nyingine tena, na wewe una vidonda. Nywele zilizochoka hunywa rangi vibaya, hapa nyingi, pale kidogo, na baada ya kuosha mara tatu kijani kinachungulia chini yake.

Utaniuliza yai na mayonezi. Protini ya yai ni kubwa mno, haiingii ndani ya unywele, inabaki juu na harufu yake. Tafuta barakoa ya nywele iliyoandikwa keratini iliyohidrolizwa, hiyo imekatwa vipande vidogo. Itakusaidia kushika kwa muda. Haiponyi, kwa sababu unywele uliotoka nje ya ngozi hauna uhai wa kujitengeneza.

Basi nakwambia wazi: zile za mabegani zimekwenda. Shika unywele mmoja uliolowa, uvute taratibu. Ukirudi, uache. Usiporudi, kata hapo. Usitupe utakazokata, zifunge na uzi, utajaribia rangi juu yake. Vidonda vikikauka, chukua rangi isiyo na amonia na isiyochanganywa na oksidanti. Kwanza weka ya shaba au nyekundu-kahawia, kwa sababu wekundu ndio ulioondoka, na wekundu huo ndio unaozima kijani. Kisha kahawia juu yake. Ukiweka kahawia moja kwa moja kwenye njano, itatoka kama tope.

Mama Mapasa, Kenya ya Lubumbashi

Mdogo wangu, mimi nina neno moja tu: usimruhusu mtu akuambie uweke maji ya javeli, yale ya kung'arisha nguo, au ndimu kutoa kijani. Mwaka ule nilipoharibu zangu, shangazi mmoja aliniwekea javeli kidogo ndani ya shampuu, kwa upendo kabisa. Nilikaa miezi nikiona ngozi ya kichwa kupitia nywele.

Na mkurugenzi mwambie ukweli. Mwanamke aliyeungua kichwa anaruhusiwa kufunga fulari.

Peruki unaweza kuvaa siku ya harusi, lakini si ya gundi, na ndani vaa kofia ya satini. Ukirudi nyumbani itoe, ngozi ipumue.

Kijana wa Ruashi

Samahani kuingia kwenye mambo ya madada, lakini neno "nyeusi" limenishtua.

Baba yangu alikuwa anapaka yombo, rangi nyeusi ya nywele, kuficha mvi, miaka mingi, bila shida yoyote. Kisha mara moja, bila onyo, alipaka jioni na asubuhi macho hayakufunguka. Uso ulikuwa umevimba mpaka sikumjua, masikio yanatoa maji. Hospitalini daktari alisema ni aleji ya kitu kinachoitwa PPD. Kwenye masanduku ya Kifaransa huandikwa paraphénylènediamine. Kiko ndani ya rangi nyingi nyeusi za kudumu. Alitueleza kwamba mwili unaweza kukivumilia miaka na siku moja ukakataa, na ukishakataa haurudi nyuma. Baba hapaki tena. Mvi zake zimekuwa nyeupe zote na mama anasema ndivyo anavyompenda.

Kwa hiyo dada, hata hiyo ya kahawia, soma sanduku. Paka tone moja nyuma ya sikio lisilo na kidonda au ndani ya kiwiko, ukae saa 48. Ukiwashwa, achana nayo.

Dada wa Katuba

Asanteni sana. Nimesoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti mbele ya yaya wangu. Defriza ameirudisha kabatini.

Leo ni siku ya tano. Vidonda vimekauka, kimoja kina gaga, sijakigusa. Nilivuta unywele mmojammoja kama mama wa Kamalondo alivyosema. Mbele zinarudi kidogo. Nyuma na kwenye mizizi hazirudi kabisa, na hapo ndipo nilipoelewa: zimeoza chini kabisa, kwa hiyo hata zile ndefu zilizoonekana nzima zilikuwa zinaning'inia kwenye uzi uliokatika.

Nilimwita mdogo wangu, bibi harusi mwenyewe. Nilishindwa kumficha. Nilitoa fulari, akanyamaza, kisha akashika mkasi. Amenikata yeye, uani, kwenye mwanga wa saa nne, taulo mabegani. Zimebaki kama sentimita tatu. Nililia kidogo zilipoanguka zile za upande wa kulia, ambazo ndizo zilikuwa ndefu kuliko zote. Yeye hakulia, aliniambia nigeuze shingo.

Nimefunga mafungu matatu ya zilizokatwa. Fungu la kwanza niliweka kahawia peke yake: tope, kama ulivyosema. La pili niliweka ya shaba dakika 20, nikasuuza, kisha kahawia: imetoka rangi ya chai ya rangi ikishikwa kwenye jua. Ni karibu na asali kuliko nilivyotegemea. Sanduku halina hiyo PPD, na kiwiko kimemaliza saa 48 bila kuwasha.

Maswali mawili yamebaki. Je, niipake lini, kwa sababu ile gaga bado ipo? Na zikikua, naweza kudefriza tena lini?

Msusi wa Kamalondo

Mshukuru huyo mdogo wako, amekufanyia kazi ambayo wateja hunikatalia.

Paka Alhamisi, uwe na siku moja ya kurekebisha. Kama gaga bado ipo, zunguka mbali nayo upana wa kidole, doa dogo juu ya sikio halitaonekana na mtu. Vaa glavu, paka vazelini kwenye paji la uso na masikio. Chota maji yote kabla ya kufungua sanduku, bidoni mbili kamili, ziwe mlangoni. Osha na maji yasiyo moto, la sivyo rangi itakwenda kwenye mto ndani ya wiki.

Defriza: nywele hukua karibu sentimita moja kwa mwezi. Kinachotoka sasa kwenye ngozi ni kipya, hakijaguswa na kitu, na kina rangi yako. Kiache mpaka zile sentimita tatu zilizobaki uzikate zote. Hiyo ni miezi sita, labda zaidi. Baada ya hapo njoo Kamalondo nikuangalie kwanza bila kupaka chochote.

Dada wa Katuba

Nitakuja. Bidoni nimeshajaza tatu.