Ushauri: Baba yuko kwenye kiti mwendo, anataka kutembezwa London ya wakati wa vita

Mwana_wa_Ticha

Habari za jioni wakuu. Naishi Leicester, Uingereza. Baba yangu anakuja kututembelea mwezi wa saba kutoka Iringa. Ni mwalimu mstaafu wa historia, na babu yangu, yaani baba yake, alikuwa askari wa Keya (jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) akapelekwa Burma. Kwa hiyo hata viza haijatoka, agizo nimeshapewa: hataki maduka wala viwanja vya mpira. Anataka kuona London ya Vita vya Pili vya Dunia, tena awepo mtu wa kumweleza, siyo kupiga picha na kuondoka.

Shida ni kwamba alipata kiharusi, upande wa kushoto hauna nguvu. Anatumia kiti mwendo cha kusukumwa. Kuhamia kwenye kiti cha gari anaweza ukimshika, lakini ngazi haziwezi, hata zikiwa mbili. Halafu kuna dawa za presha zinazompeleka chooni kila mara.

Nimeshawaandikia watu wanaotembeza wageni. Mmoja alinihakikishia kwamba ziara yao inafaa viti mwendo, nilipombana ikaonekana kituo cha mwisho ni handaki la kushuka kwa ngazi. Mwingine anachukua kundi kubwa na hawasimami hadi saa mbili ziishe.

Nina wikiendi moja tu ya kumpeleka. Nitafute mwongozaji wa peke yetu au kuna ziara za kundi zinazofaa? Wapi anaingia kweli, na wapi nisijisumbue? Na hizo treni za chini ya ardhi nasikia ni ngazi tupu, nitamsukuma vipi nikiwa mwenyewe? Mwenye uzoefu anisaidie.

Ngosha77

Mkuu si umwekee YouTube sebuleni, anywe na chai yake? Hela ya London wikiendi nzima ni bati za nyumba hizo.

Mwana_wa_Ticha

Ngosha, bati mzee anazo. Kasema London.

Dada_Magurudumu

Pole na hongera kwa kumleta mzee. Mimi natumia kiti mwendo tangu nikiwa shule ya msingi, na London naishi, kwa hiyo nitakueleza kama ninavyoijua nikiwa nimekaa.

Neno "inafaa viti mwendo" lisikuridhishe. Anayeliandika mara nyingi anafikiria mlango wa kuingilia tu. Muulize mambo anayoweza kuyahesabu: njia nzima ina vidato vingapi, mlango mwembamba kuliko yote una sentimita ngapi, kuna mwinuko mkali wapi, choo cha walemavu cha kwanza kiko baada ya dakika ngapi. Mtu anayeijua njia yake atakujibu hapo hapo. Akianza kusema "huwa hatupati malalamiko", achana naye.

Swali ambalo watu hulisahau ni hili: ukisimama kueleza, unasimama wapi? Kwenye kundi la watu wengi mwongozaji husimama katikati, wageni wanamzunguka, na aliyekaa anabaki nyuma akitazama mikoba na makoti. Sauti inapita juu ya kichwa chake. Tena baba yako ni mwalimu, atataka kuuliza maswali. Kwa hali yake chukua mwongozaji wenu wenyewe kwa nusu siku. Wapo waliofuzu, wanavaa beji ya bluu, na kwa kawaida unalipia muda wake, siyo kichwa kwa kichwa, kwa hiyo mkiwa wanne mnagawana. Tafuta aliyejitambulisha kwa historia ya vita, halafu umpe maswali yale ya hapo juu.

(Usije ukachanganya na ile Blue Badge ya kuegesha gari la mlemavu. Na hata hiyo ya kuegesha, Westminster na City wana taratibu zao, usiende na gari ukidhani utasimama popote.)

Msafiri_Peckham

Dada amemaliza upande wa waongozaji. Mimi niongeze njia, maana nilimzungusha mama yangu huko huko alipotoka Kisumu.

Anzeni Westminster. Kituo cha treni kina lifti kutoka barabarani hadi chini. Lengo lenu la kwanza ni Churchill War Rooms, vile vyumba vya chini ya jengo la Hazina ambamo baraza la vita lilifanyia kazi kuanzia Agosti 1939 hadi 1945. Sasa sikiliza vizuri: ramani ya simu inaweza kukupitisha King Charles Street kwa sababu ni karibu. Usiifuate! Mwisho wa mtaa ule kuna Clive Steps, ngazi za mawe, na mlango wa makumbusho uko chini yake. Wewe toka kituoni, pita kando ya Parliament Square, shika Great George Street, ukifika penye bustani ya St James's kata kulia Horse Guards Road. Ni tambarare mpaka mlangoni.

Ndani kuna lifti. Korido ni nyembamba kwa sababu ndivyo zilivyokuwa, kwa hiyo nunua tiketi za asubuhi ya mwanzo kabla watu hawajajaa. Msindikizaji wa mlemavu haingii kwa kulipa. Kuna kifaa cha sauti cha kusikiliza maelezo, kwa hiyo mwongozaji wenu mnaweza kumhifadhi kwa ajili ya nje.

Mzee atapenda chumba cha ramani. Waliondoka Agosti 1945, taa zikazimwa, vitu vikaachwa mezani. Baadaye kwenye mtoto wa meza wa ofisa mmoja zilikutwa sukari za vipande alizokuwa amezificha, maana sukari ilikuwa ya mgawo. Kwenye chumba cha baraza, kiti cha Churchill kina mikwaruzo kwenye mikono yake, alama za kucha na pete. Na kuna mlango mdogo ambao watu walidhani ni choo cha mkubwa, kumbe ndani mlikuwa na simu ya kuongea na rais wa Marekani.

Ngosha77

Hapo kwenye choo mmenikamata. Endeleeni.

Mhifadhi_Kumbukumbu

Nimesoma uzi wote nikiona Churchill, Churchill. Jamani, huyu mzee ni mtoto wa askari wa Keya! Mkitoka kwenye handaki la wakubwa, mpelekeni kwenye kumbukumbu za baba yake.

Haiko mbali. Kutoka War Rooms rudini mlikopita, mzunguke mpaka Whitehall. Cenotaph, mnara wa kuwakumbuka waliokufa vitani, iko katikati ya barabara, itazameni mkiwa kando. Mbele yake kuna mnara wa wanawake wa vita wa mwaka 2005: makoti, kofia na sare 17 za shaba zimetundikwa kama kwamba wenyewe wamemaliza zamu na kwenda nyumbani. Songeni kidogo mpaka mbele ya Wizara ya Ulinzi. Pale ipo sanamu ya Slim, jenerali wa Jeshi la 14 lililopigana Burma, lile walilokuwa wakiliita jeshi lililosahauliwa. Mwambie mwongozaji asimamishe kiti hapo na aeleze Burma, asikimbilie Downing Street.

Aeleze hivi: Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye alama ya kichwa cha kifaru begani, vijana wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland (Malawi ya leo), ndiyo iliyosukuma Wajapani kwenye bonde la Kabaw katika masika ya 1944. Bonde lenyewe lilikuwa matope na malaria. Desemba mwaka huo wakavuka mto Chindwin. Na kabla ya hapo kuna meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kuelekea Colombo ikiwa na kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Tarehe 12 Februari 1944 nyambizi ya Kijapani iliipiga, ikazama kwa dakika chache, wakafa watu karibu 1,300. Mwongozaji wa kawaida hana habari hizi. Mtumie ujumbe wiki mbili kabla, mwambie babu alikuwa nani na alikuwa kikosi gani, ajiandae. Aliye makini atafurahia kupata kazi tofauti na ile anayoirudia kila siku.

Halafu kuna Memorial Gates, mwanzo wa Constitution Hill, nguzo nne zilizozinduliwa na Malkia 2002 kwa ajili ya watu milioni tano waliojitolea kutoka Bara Hindi, Afrika na Karibiani. Neno Afrika limechongwa pale. Hyde Park Corner ndicho kituo cha karibu lakini hakina lifti. Shukeni Green Park, kina lifti, kisha msukumane chini ya kilomita moja. Bustani ina miinuko, kwa hiyo mshike kiti vizuri mkiteremka.

Na Brixton, Windrush Square, kuna mnara wa askari wa Afrika na Karibiani, mawe mawili meusi yaliyowekwa 2017. Kituo cha Brixton kina lifti. Uwanja ni bapa, mzee anafika mpaka kwenye jiwe na kulishika.

Mwana_wa_Ticha

Mhifadhi, nimemsomea mzee ujumbe wako kwa simu. Ameniambia nisubiri, ameenda kutafuta karatasi za baba yake kwenye sanduku. Asante sana.

Sasa wengine mnasemaje kuhusu ile manowari ya HMS Belfast? Mzee anaipenda kwa sababu ilipiga mizinga siku ya kutua Normandy. Na kuna handaki la Clapham South ambalo kila mtu mtandaoni analisifia.

Msafiri_Peckham

Clapham South futa. Mahandaki yale ni ngazi za mzunguko, zaidi ya mia. Vivyo hivyo vituo vya zamani vya treni vilivyofungwa, vile wanavyovitembeza kwa tochi.

Belfast inategemea. Kupanda melini mnapandishwa bila shida, sehemu ya juu mnazunguka. Ila meli ni meli: kwenda chini kwenye mitambo ni ngazi za chuma zilizosimama wima. Ukimpeleka ujue ataona sehemu tu, na wewe usishuke ukamwacha juu anasubiri.

Dada_Magurudumu

Mimi Belfast nisingeenda. Kuna kitu kinachochosha kuliko kusukumwa, nacho ni kukaa kwenye kibaraza ukisikia wenzako wakishangilia chini. Muda huo mpeleke Imperial War Museum kule Lambeth. Ni bure, lifti zipo, mlango usio na ngazi upo, na vyoo ni vya heshima. Roketi ya Wajerumani ya V-2 imesimama pale ukumbini, na bomu la V-1 linaning'inia. Kumbi za Vita vya Pili zilifanywa upya 2021.

Kuna basi namba 159 linalotoka Whitehall kupita karibu na makumbusho hayo na kuendelea mpaka Brixton. Ukiangalia alivyosema Mhifadhi, hiyo ni siku nzima kwa basi moja, japo thibitisha kwanza kwenye programu ya simu kwa sababu njia hubadilishwa. Mabasi yote ya London yana rampu, na mwenye kiti mwendo halipi. Nafasi ni moja kwa basi. Ukikuta kigari cha mtoto kimeegeshwa pale, kiti mwendo kina haki ya kwanza, mwombe dereva azungumze nao.

Ngosha77

Na St Paul's? Ile picha ya kanisa katikati ya moshi hata mimi naijua.

Mhifadhi_Kumbukumbu

Usiku wa 29 Desemba 1940 hiyo. Mashambulizi ya mabomu yalianza 7 Septemba, usiku 57 mfululizo London haikulala, na huo wa Desemba mtaa mzima kuzunguka kanisa uliungua. Sasa kanisa lina rampu ya kudumu upande wa kaskazini, iliwekwa 2022. Kubani hapandi, hizo ni ngazi. Upande wa kusini kuna sanamu ya wazima moto, na mimi ningemwambia mwongozaji aelezee pale. Kituo chenyewe cha St Paul's hakina lifti, kwa hiyo nendeni kwa basi au teksi.

Kama mnaelekea mashariki kuna Bethnal Green, mnara wa watu 173 waliofia kwenye ngazi za kujikinga tarehe 3 Machi 1943. Hakuna bomu lililoanguka, walikanyagana. Uko juu kwenye bustani. Mshuke Whitechapel kwenye lifti ya Elizabeth line, mmalizie kwa basi.

Mwana_wa_Ticha

Nimepanga hivi. Jumamosi War Rooms asubuhi, chakula, mwongozaji wa Whitehall mchana hadi kwa Slim. Jumapili Lambeth na Brixton kwa basi moja, Memorial Gates kama hajachoka. St Paul's tutaiona safari nyingine, Belfast nimefuta, mzee mwenyewe kakubali. Nimempata mwongozaji mmoja, nilipomuuliza vidato akanitajia hata jiwe lililonyanyuka mbele ya Wizara.

Bado treni ya kutoka Leicester.

Dada_Magurudumu

Huyo mwongozaji mkamate. Treni, weka ombi la Passenger Assist, huduma ya kusaidia abiria wenye ulemavu, watakuletea rampu Leicester na St Pancras. Wape muda, na mfike kituoni mapema. Kila asubuhi angalia kama lifti za vituo zinafanya kazi, hiyo nayo iko mtandaoni. Zikiharibika, teksi nyeusi zote zina rampu na dereva haruhusiwi kukuongezea nauli. Tafuta pia ufunguo wa RADAR, unafungua vyoo vingi vya walemavu vinavyofungwa, kwa dawa zake utauhitaji.

Na kwenye teksi hizo kiti mwendo hukaa kikitazama nyuma. Mwambie mzee kabla, asije akadhani dereva kakosea.