MJADALA: Gemu ikirekebishwa kwa bando, hapa Mwanga nayo tuseme imefufuka?

Mwisho wa Reli

Wakuu, shikamooni wakubwa, wadogo mambo vipi.

Jumamosi mvua ilitufungia kwenye banda la gemu hapa Mwanga, Kigoma, ukazuka ubishi ambao mpaka leo haujaisha. Dogo mmoja anayesoma Dar, yuko likizo, alisema PES, ile gemu ya mpira, imefufuka. eFootball ya sasa (ndilo jina jipya la PES), anasema, siyo kile kinyago cha 2021. Mwenye banda hakumjibu. Alinyoosha kidole tu kwenye runinga, ambako watu wawili walikuwa wanakimbizana kwenye PES 2013, jero kwa mechi, na wengine sita wanasubiri zamu nyuma yao.

Mimi niko upande wa mwenye banda, na hoja yangu naiweka hapa muipige. Gemu zenye matoleo mengi huanguka na kuinuka, hilo halina ubishi. Ila kuinuka kwa kweli ni kule kunakokuja ndani ya diski. Umenunua, umeweka, inacheza. Haya mambo ya "samahanini, tutawatumia marekebisho, pakueni" ni kufufuka kwa mwenye waifai.

Chukua Tekken, ile gemu ya kupigana. Tekken 3 ndiyo iliyotulea. Kila mtaa ulikuwa na yule anayechagua mpiganaji Eddy, anabonyezabonyeza vitufe bila mpango, na anashinda, mpaka mnataka kushikana mashati kweli. Ikaja Tekken 4 kwenye PS2, 2002. Sakafu zina miinuko, ukibanwa ukutani hutoki, Jin kabadilishiwa mapigo yote, vidole vilivyozoea vikabaki vinatafuta. Kijiweni kwetu tulirudi Tekken Tag kimyakimya. Halafu 2005 ikaingia Tekken 5: sakafu tambarare zimerudi, mwendo umechangamka, na humohumo wamepakia Tekken tatu za mwanzo kama zilivyokuwa kwenye mashine za ukumbini. Jamaa aliileta kutoka Kariakoo kwa treni (ya kuchoma, tusidanganyane) na siku ileile tukakesha nayo. Hakuna aliyeulizwa kama ana bando.

Sasa PES. Ile PES 6 ya 2006, ukiwa na Adriano wa Inter, shuti la kushoto ni goli hata upige kutoka Ujiji. Baada ya hapo ni kupanda na kushuka. PES 2014 walibadilisha injini, wakaitoa haina mvua. Gemu ya mpira bila mvua! Njoo uicheze Kigoma mwezi wa kumi na mbili, nje bati linalia, ndani ya runinga kukavu. Zilizofuata zikajirekebisha toleo kwa toleo, hilo nalikubali. Lakini tarehe 30 Septemba 2021 wakatoa eFootball: bure, timu za kuhesabu kwa vidole, hakuna Master League (ile ya kuongoza timu yako msimu kwa msimu), sura za wachezaji zikawa kichekesho cha dunia nzima. Konami wenyewe walioitengeneza wakaomba radhi. Toleo la 1.0 likaja Aprili 2022, kwa kupakua. Banda letu halijawahi kuliona.

Kwa hiyo imefufuka kwa nani?

Fundi Pedi

Mkuu, Tekken nakupa. Kwenye PES umechemka.

Kazi yangu ni kubadilisha analogi za pedi za gemu, vile vijiti vya kidole gumba. Zamani Jumatatu meza ilikuwa inajaa, maana wikiendi watu wameua pedi bandani. Siku hizi nakaa nasukuma redio. Unajua wateja wangu wameenda wapi? Nenda Kibirizi ukawaone wanaosubiri mitumbwi. Kila mmoja kainamia simu, wanacheza hiyohiyo eFootball unayosema haijafika. Gemu iliyokuwa inataka runinga, PS, umeme na jero mkononi sasa inataka simu na bando la wiki. Imefika Kigoma kitambo, ila haikupitia bandani, na hilo ndilo linalokuuma.

Na umesahau enzi zile mji mzima unategemea majenereta ya dizeli? Dakika ya 80 unaongoza, giza. Mwenye banda harudishi hela.

Mwisho wa Reli

Fundi, kioo cha simu siyo pedi. Unateleza kidole, mchezaji anaenda anakotaka yeye. Halafu unacheza na mtu usiyemjua kabisa. Bandani akikufunga tano unakutana naye kesho yake mwaloni, anakuita "mtoto" mbele ya wauza migebuka. Hiyo ndiyo gemu.

Fundi Pedi

Ushahama. Ulianza na bando, sasa unazungumzia utamu wa kijiwe. Chagua moja nikujibu.

Isevya Tabora

Majirani, nawasoma kutoka huku kwenye maembe. Mimi simo kwenye mpira wenu, nina neno kwenye hiyo Tekken. Mleta mada anaifanya kama kuinuka ni lazima kurudi ulikotoka. Siyo lazima.

Angalia Resident Evil. Toleo la 6 la 2012 lilikuwa na milipuko, ngumi, magari, kampeni nne, kila kitu isipokuwa woga. Liliuzika sana, lakini waliokuwa wanaipenda gemu kwa kuogopa walilalamika. Januari 2017 ikaja ya 7. Hakuna Leon yule shujaa wa zamani, hakuna jeshi. Unaona kwa macho ya mhusika mwenyewe, uko ndani ya nyumba mbovu Louisiana na familia isiyo na akili nzuri, risasi unazihesabu. Vidole vyako vilijifunza upya kabisa kuliko hiyo Tekken 4 yenu, na bado watu wakasema ndiyo hii sasa. Walichorudisha Capcom ni hofu.

Au Kratos wa God of War. Ascension ya 2013 ilikuwa ni mnyororo uleule, hasira ileile, tushachoka. 2018 wakampa shoka, ndevu na mtoto wa kiume wa kumlea, wakamtoa Ugiriki wakampeleka kwenye baridi la Kaskazini. Anaongea maneno mawili kwa saa, kama baba zetu. Hapo hakuna sakafu tambarare iliyorudishwa.

Na kuhusu mtandao: Final Fantasy XIV ilitoka 2010 ikiwa mbovu mpaka Square Enix wakabadilisha msimamizi, akaja Naoki Yoshida. Novemba 2012 waliizima kabisa, na kwenye hadithi wakaangusha mwezi ukaiteketeza dunia yao. Agosti 2013 ikazaliwa upya, na ikaja kuwa moja ya nguzo za kampuni. Ile haichezeki bila intaneti hata dakika moja. Kwa kanuni yako, mkuu, hiyo nayo bado iko kaburini?

Dada wa Katubuka

Nyie kaka zangu mnagombania mazishi na ufufuo, hakuna anayeuliza aliyeua ni nani.

Mimi nilinunua laptop iliyotumika kwa hela ya mchezo (upatu), sababu kubwa ikiwa Assassin's Creed Unity (msimwambie mama, anajua ni ya chuo). Hiyo ni ile ya Novemba 2014, Paris ya mapinduzi. Yangu ilikuwa inatetemeka kama ina homa, na picha za watu wasio na nyuso, macho na meno vinaelea hewani, mnazikumbuka. Ubisoft waliomba radhi wakatoa nyongeza moja bure. Lakini kilichoiponya gemu hiyo siyo nyongeza. 2016 walikaa bila kutoa toleo kubwa, wakati walikuwa na mazoea ya kutoa kila mwaka. 2017 wakaja na Origins, Misri, na ukipanda juu ya piramidi unaona kwamba mtu alipewa muda wa kufanya kazi yake.

Sasa mimi nasimama na mleta mada, ila kwa sababu nyingine. Kampuni inayokuuzia kitu kibichi ikijua itakipika baadaye kwa mtandao imekukopa bila kukuuliza. Mtu wa Dar analipa hilo deni kwa subira. Wa Kigoma analipa kwa bando. Na ambaye diski yake haijawahi kugusa intaneti anabaki na ubichi wake maisha yote. Fundi, eFootball ya simu ni bure, sawa, lakini hayo unayosema wewe ni habari ya Konami kupata wateja wapya. Wale wa bandani waliodai Master League yao walijibiwa lini?

Fundi Pedi

Dada hapo umenishika kidogo.

Mwisho wa Reli

Isevya, ya Final Fantasy imenikaba, naikubali. Gemu iliyozaliwa mtandaoni ifufukie mtandaoni, haki yake. Na Kratos nilimsahau, nilijifanya simuoni kwa sababu anaharibu hoja. Basi naipunguza: gemu iliyozaliwa kwenye diski, ikakulia kwa watu wawili kukaa benchi moja, ndiyo naidai irudi hapohapo. Tekken na PES ni za benchi. Hapo sisogei.

Dada wa Katubuka, neno la kukopwa nimelichukua, nitalitumia bandani bila kukutaja.

Isevya Tabora

Hujasogea wapi, umeacha nusu ya mada njiani.

Mwisho wa Reli

Taarifa kwa wadau: nimepita bandani jioni hii. Yule dogo wa Dar yupo, na wenzake watatu, wamekalia benchi la nyuma wanacheza eFootball kwenye simu, wanapigiana kelele kama mechi ya watani. Wamejaza nafasi na hawalipi hata mia. Nikamwambia mwenye banda, "Si uwatoe?" Akanionyesha waya mrefu wa soketi aliouning'iniza juu yao, na kikaratasi pembeni: CHAJI 300.

Kwenye runinga PES 2013 inaendelea, mbili mbili.