Mjadala: Kwenye filamu za kale za mumia, mkosaji ni nani? Maiti au waliomfukua?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Naleta hoja, ichambueni mtakavyo.

Wengi wetu mumia, yule maiti wa Misri ya kale aliyekaushwa na kufungwa bandeji, tumemjulia kwenye kibanda cha video, ile ya 1999, mtafsiri akipiga kelele juu ya sauti ya Brendan Fraser. Sina ugomvi nayo, ila ile ni ya mbio na risasi. Ninayotaka tuizungumze ni mizizi yake: The Mummy ya 1932 ya kampuni ya Universal ya Hollywood, aliyoiongoza Karl Freund na kuchezwa na Boris Karloff, zile za miaka ya 1940 zenye Kharis, mumia mburuta mguu, na ile ya 1959 ya Hammer, kampuni ya Waingereza. Kwa nini watu bado wanazitafuta, wakati siku hizi hazimtishi hata mtoto wa darasa la pili?

Mimi nasema ni kwa sababu mumia ndiye zimwi pekee la sinema mwenye kesi. Dracula, mnyonya damu, anakufuata kwa njaa yake. Mumia alikuwa amelala kwake. Watu wamekuja na koleo, wamevunja mlango wenye onyo, wamembeba, halafu wanashangaa mbona anawaandama. Mtazamaji anaogopa, lakini mwizi anamjua.

Angalieni dakika za mwanzo za ile ya 1932. Kambi ya wachimbaji wa Makumbusho ya Uingereza, mwaka 1921. Wazee wawili wametoka nje kubishana kama kisanduku kilichoandikwa laana kifunguliwe au kiachwe. Kijana wao kabaki peke yake ndani. Anajizuia, anashindwa, anafungua. Anatoa hati ya kukunja na kuanza kuisoma kwa kunong'ona. Nyuma yake, ndani ya jeneza lililosimamishwa, jicho linafunguka kidogo tu. Mkono unateleza taratibu kutoka kifuani. Halafu kamera inamwacha maiti kabisa. Tunachoona ni kiganja kinatua mezani juu ya ile hati. Kijana anageuka, anapiga ukelele, kisha anaanza kucheka, na kicheko hakikomi. Cha mwisho kuonekana ni ncha za bandeji zikiburuzwa kutoka mlangoni.

Jack Pierce, fundi wa kumremba Karloff, alimfanyia kazi kama saa 8 kwa ajili ya kipande hicho, na bandeji hazirudi tena katika maisha ya sasa ya filamu hiyo. Miaka kama 10 baadaye Imhotep, yaani mumia yule yule, anatokea amevaa kanzu na tarbushi, anajiita Ardath Bey, na anawaonyesha wachimbaji wapya pa kuchimba. Wanapomuuliza kwa nini asichimbe mwenyewe, anawajibu kwamba Wamisri hawaruhusiwi kufukua wafu wao wa kale, ruhusa hiyo ni ya makumbusho ya kigeni. Hilo linasemwa kwenye filamu ya Hollywood, 1932! Aliyeandika mchezo ule ni John Balderston, mwandishi wa habari aliyekuwa ameripoti habari za kaburi la farao Tutankhamun. Alijua anasema nini.

Karibuni.

Kisiki

Mkuu, hoja tamu, ila filamu zenyewe zinachosha. Kharis anatembea mguu mmoja, mkono mmoja umefungwa kifuani, na bado anamkamata mtu mwenye miguu miwili mizima. Anamkamataje? Yule mtu anasimama kumsubiri! Mimi nikimwona anaanza kuvuka uwanja, nakunywa chai kwanza ndipo nikimbie.

Na hesabu zao. Ile ya 1942 inasema imepita miaka 30 tangu matukio ya ile ya 1940. Mbele huko wanaongeza miaka 25 mingine. Ukijumlisha, ya mwisho ya 1944 inatokea miaka ya 1990, na watu wote wamevaa suti za wakati wa vita. Mumia anazama kwenye kinamasi cha Massachusetts, anaibukia Louisiana. Kesi gani hapo? Ni watu walikuwa wanasaka pesa, wakachukua hata vipande vya filamu ya Karloff wakavipachika kwenye yao.

Ummu Layla

Mleta mada, umeipamba sana. Naomba nikupinge kwa hizo hizo filamu.

Imhotep si mnyonge. Alizikwa hai kwa sababu aliiba hati takatifu ili amfufue mpenzi wake. Akishaamka, anaua watu kwa mbali kupitia lile bwawa lake la maji. Mwisho anamtaka Helen, binti aliye hai, na mpango wake ni kumuua, kumkausha kisha kumfufua ili awe kama yeye. Huyo unamtetea? Anayemwokoa Helen si wale wanaume. Ni yeye mwenyewe anamwomba Isis, mungu wa kike wa Misri ya kale, sanamu inainua mkono na hati inaungua. Mwenye kesi kwenye ile filamu ni yule mwanamke, na humtaji hata mara moja.

Pili, hiyo kauli ya Ardath Bey unayoisifu, mbona wamempa muuaji aiseme? Ndiyo ujanja wenyewe. Kila Mmisri anayesema "acheni makaburi yetu" kwenye hizi filamu ni kichaa mwenye tarbushi. Kwenye zile za Kharis ni kuhani mkuu anayechemsha majani ya tana ili kumwamsha muuaji: leo George Zucco, kesho John Carradine. Zucco Mwingereza, Carradine Mmarekani. Mtu mwenye madai ya haki kabisa anavalishwa sura ya jini, halafu anachomwa moto, na watazamaji wanapiga makofi.

Na mtu mweusi pekee mwenye nafasi kwenye ile ya 1932 ni mtumishi asiye na jina, anaitwa "Mnubi" basi, anayetekwa akili na Imhotep. Aliyemcheza ni Noble Johnson, mtu ambaye mwaka 1916 yeye na mdogo wake walianzisha kampuni yao ya filamu, Lincoln, ili Wamarekani weusi wajione kwenye kioo kama watu kamili. Miaka 16 baadaye anasimama nyuma ya Karloff kimya.

Mleta mada

Dada Ummu Layla, hilo la Noble Johnson limeniuma, na sina la kulijibu.

La kuhani nalijibu. Ukimpa muuaji maneno ya kweli, maneno hayageuki uongo. Tazama ya Hammer ya 1959. Peter Cushing, mchimbaji wa humo, anakwenda nyumbani kwa Mehemet Bey, Mmisri anayemtuma mumia, wanaketi kistaarabu. Bey anamuuliza kwa upole kama dhamiri haimsuti kwa kuvunja makaburi ya watu. Cushing anajibu kwa kumtukania mungu wake makusudi, apate kumchokoza. Ukiwa mtazamaji wa leo, pale sebuleni upo upande wa nani? Mimi najijua. Na Christopher Lee, ndiye mumia wa humo, ulimi umekatwa, uso wote umefunikwa, ana macho tu, na macho yale yana majonzi kuliko hasira.

Halafu tuiweke kwenye wakati wake. Kaburi la Tutankhamun lilipatikana Novemba 1922, mwaka ule ule Misri ilipopewa uhuru wa nusunusu. Lord Carnarvon, aliyegharamia kazi, akaliuzia gazeti la The Times la London haki ya habari. Yaani mhariri wa Cairo apate habari za kaburi lililopo kwao kutoka London! Magazeti mengine, kwa kukosa habari, yakashika laana. Carnarvon alipofariki Aprili 1923, kwa kidonda cha kuumwa na mbu kilichooza, laana ikapata miguu. Howard Carter mwenyewe aliyelifungua aliishi mpaka 1939, lakini hilo haliuzi gazeti. Hofu ya mumia ni hofu ya mtu anayejua kachukua kisicho chake.

Mtoto wa Pwani

Assalaam alaykum jamvini. Nyie mnazungumza Misri, mie nawarudisha huku kwetu kidogo. Wazungu kwa karne nyingi walikuwa wanasaga maiti za Misri na kuuza unga wake kama dawa, wengine wakaufanya rangi ya kuchorea picha. Huku kwetu bibi zetu walitutisha na mumiani: usitoke magharibi, utakamatwa unyonywe damu ikafanywe dawa. Enzi za ukoloni, watu wa Mombasa na Dar waliwaogopa mpaka zimamoto kwa jambo hilo. Tunasema ushirikina, lakini kule maiti za watu kweli zilikuwa zinauzwa dukani. Nani hapo mshirikina?

Kwa hiyo namuunga mkono mleta mada nusu. Mtu wa kwetu akiangalia mumia akimfuata daktari wa makumbusho, anaona mambo yamegeuzwa kidogo, na ndiyo raha yake.

Dokta wa Sinema

Nashangaa mpaka sasa hakuna aliyetaja filamu ya Wamisri wenyewe. Al-Mummia ya Shadi Abdel Salam, 1969. Haina maiti anayetembea hata mmoja, na inakufanya usikae vizuri kuliko hizo zote. Imetokana na kisa cha kweli cha 1881: ukoo mmoja upande wa Luxor ulikuwa unajua lilipo shimo lenye miili ya wafalme pale Deir el-Bahari, unauza kitu kimoja kimoja kula. Kijana anafiwa na baba, wazee wanamrithisha siri, wanampeleka kwenye shimo na kumvunja maiti mkufu mbele yake. Anauliza: haya ndiyo tunayokula? Akisema, ukoo wake unalala njaa. Akinyamaza, anakula wafu. Anakwenda kuwaambia maofisa wa serikali kutoka Cairo, na miili inapakiwa kwenye meli alfajiri.

Sasa swali lako la mwizi na mwenye mali linakuwa gumu, mkuu. Kwenye Universal mwizi anatoka nje ya nchi. Hapa mwizi ni baba yako.

Na bado haijaisha. Rais Sadat wa Misri alikifunga chumba cha maiti za wafalme mwaka 1980, kwa hoja kwamba wafu hawawekwi maonyesho. Kikaja kufunguliwa tena. Aprili 2021 maiti 22, wafalme 18 na malkia 4, zikapitishwa barabarani Cairo kwa magari ya rangi ya dhahabu na muziki, runinga za dunia zikionyesha, kwenda makumbusho mapya ya Fustat. Wenyewe ndio walioandaa. Je, hiyo ni heshima au ni filamu nyingine?

Ummu Layla

Dokta, heshima. Tofauti ni kwamba aliyeamua ni mwenye msiba. Japo mimi ningewarudisha ardhini, niseme ukweli.

Kisiki

Mmenipeleka mbali, wakuu, mie nilikuja kumcheka Kharis. Haya, mtu akitaka kuanza aanze na ipi?

Mleta mada

Anza na ya 1932, dakika 73 tu, usiku, taa zimezimwa. Halafu ya Hammer. Al-Mummia iache siku ambayo huna haraka, mazungumzo yake ni machache na ni Kiarabu fasaha, utafute yenye maandishi chini. Za Kharis weka za mwisho, na chai yako.